Ngano ni ngano? Beli za Narok, ethanoli ya Wazungu na ng'ombe wa shangazi

Lori lilikuwa limejaa beli za mabua ya ngano mpaka juu na vijana wawili wanakaza kamba, mmoja kila upande, huku broka ameegemea mlango wa dereva anamhesabia mjomba pesa zake. Ololulunga, kule Narok, saa nane mchana, kombaini zimepita siku nyingi na shamba lote limebaki vishina. Mimi sina kazi pale. Nimeokota bua moja nalivunja-vunja tu, nikamuuliza broka, hii ni ngano aina gani?

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Ngano ni ngano bana. Kwani unataka beli ngapi?"

Mjomba akacheka. Yeye anajua alichopanda kila kipande, upande wa barabara ni aina inayoitwa Korongo, kule bondeni Njoro BW II, mbegu alinunua na risiti anazo kwa droo. Lakini ndani ya lori hakuna Korongo wala nini, beli zote ni moja, bei ni moja, na jioni zitakuwa Kiambu kwa watu ambao hawatawahi kuuliza.

Hilo jibu la broka limenisumbua wiki kadhaa sasa.

Kwa nini niliuliza

Nilikuwa nimezama kusoma mambo ya Wadenmark. Hawa jamaa wana ngano nyingi, mvua ya kutosha, na kwa miaka wamekuwa wakitafuta namna ya kugeuza mabua ya ngano yawe ethanoli ya kuchanganya na petroli. Mji mmoja unaitwa Kalundborg walifungua kiwanda cha majaribio mwaka 2009, kando kabisa ya stesheni ya umeme ili wapate mvuke wa bei poa. Halafu watafiti wao wakauliza swali ambalo kwa kweli lilinishika: je, mabua ya aina zote za ngano ni sawa? Ukipeleka kiwandani tani moja ya aina hii na tani moja ya aina ile, utatoa sukari sawasawa?

Wakapanda aina nyingi, kwenye mashamba tofauti, wakavuna, wakasaga, wakapima.

Jibu: hapana, si sawa. Tofauti ipo na sehemu yake inatoka kwenye mbegu yenyewe, si mvua na udongo peke yake, ingawa mvua na udongo navyo vinasukuma sana.

Ukitaka kuelewa kwa nini, fikiria nguzo ya zege. Nondo ndani ni selulosi, yaani sukari iliyofungwa kwa minyororo mirefu, na kwenye bua la ngano hii ni zaidi ya thuluthi moja ya uzito. Zege lenyewe linalozunguka nondo ni lignini, kama asilimia 15 hadi 20, na haina sukari hata chembe. Katikati kuna hemiselulosi, robo hivi, nayo ni sukari lakini ya aina nyingine. Kazi yote ya kiwanda ni kufika kwenye nondo. Wanapika mabua kwa mvuke wa karibu nyuzi 200, wanamwagia vimeng'enya vya kukata selulosi iwe glukosi, kisha hamira inakula glukosi inatoa pombe. Na hapo kuna kichekesho kidogo, ile hamira ya kawaida haijui kabisa kula zailosi, ambayo ndiyo sukari kubwa ya hemiselulosi, kwa hiyo usipokuwa na hamira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo unapoteza sehemu nzima ya mzigo.

Sasa bua lenyewe si kitu kimoja. Majani yanalainika haraka kuliko shina, na zile pingili, yaani vifundo, ndizo ngumu kabisa. Kwa hiyo aina yenye majani mengi kuliko shina inaanza mbele. Lakini majani nayo yana majivu mengi, silika ile, madini kama mchanga, na silika inakula mashine.

Hakuna cha bure.

Mjomba hataki ngano ya kulala

Nilipomwelezea mjomba hii kitu aliuliza swali moja tu. "Sasa hiyo ngano laini ya hao watu wako, upepo ukija itasimama?"

Na hilo swali lilinipa shida kweli. Maana mkulima wa ngano anaogopa vitu vichache kama anavyoogopa ngano kulala. Ikilala kombaini haiokoti vizuri, punje zinaota zikiwa bado kwa suke, na msagaji anakukatia bei au anakataa mzigo wote. Kama lignini ndiyo inayosimamisha bua, na kiwanda kinataka lignini kidogo, basi tunamwambia mkulima apande ngano itakayoanguka ili mtu mwingine apate mafuta. Hapo mimi nilikuwa karibu kuifunga hii mada.

Lakini ukiendelea kusoma unaona haiko hivyo moja kwa moja. Bua kusimama kunategemea sana urefu wake, unene wa shina na unene wa ukuta wa shina, si lignini peke yake. Na urefu ulishashughulikiwa zamani. Norman Borlaug, mtafiti Mmarekani wa mbegu za ngano, akiwa Mexico alichukua jeni za ufupi kutoka ngano ya Kijapani inayoitwa Norin 10, akazipachika kwenye ngano zake, zikaenea India na Pakistan na karibu kila mahali, na mwaka 1970 akapewa Nobeli ya Amani. Ngano fupi inabeba suke zito bila kuanguka, na mmea unapeleka nguvu zaidi kwenye punje kuliko kwenye bua.

Kilichonirudisha kwenye mada ni kwamba Wadenmark hawakuona ugomvi mkubwa kati ya mavuno ya punje na ulaini wa bua. Yaani unaweza kuwa na aina inayozaa vizuri na mabua yake yakaachia sukari vizuri. Si lazima uchague moja. Sijui kama mnaona uzito wa hilo, lakini mimi niliona ni habari kubwa kuliko kiwanda chenyewe.

Ila hiyo ni Denmark. Huku kwetu kuna jambo lingine.

Kutu haingoji mtu

Mwaka 1998 kule Uganda watu waliona ngano ambayo ilifaa kuwa na kinga ikiliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu. Aina hiyo ya kutu ikaitwa Ug99. Ikaingia Kenya, na tangu wakati huo Njoro, pale kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pamekuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi duniani zinaletwa kupandwa makusudi kwenye kutu waone ipi itasalimika. Sidhani watu wengi wa Nakuru wanaopita hiyo barabara wanajua.

Kutu ya shina inashambulia bua lenyewe. Inalipasua ngozi, linatoa unga mwekundu, maji na chakula havipandi vizuri kwenda kwa suke, na punje zinakuwa nyembamba utafikiri mbegu za nyasi. Kwa hiyo mtafiti wa Njoro akiangalia bua, anaangalia kama litaishi. Habari ya sukari iliyo ndani yake ni anasa.

Na aina zenyewe hazidumu. Chukua Robin (hawa watu wa Njoro wanapenda kuzipa ngano majina ya ndege, kuna Mbuni, kuna Kwale, kuna Tai, Korongo ndiyo hiyo ya mjomba). Robin ilipendwa sana, inazaa, wakulima wakaikimbilia, halafu mwaka 2014 ikatokea kutu nyingine ya ukoo huohuo wa Ug99 ikavunja kinga yake. Mtu alikuwa na ekari na ekari za Robin, msimu unaofuata anatafuta mbegu nyingine.

Sasa weka hilo kando ya kiwanda. Kiwanda cha ethanoli kinajengwa kifanye kazi miaka 20 au zaidi ndio pesa irudi. Aina ya ngano huku inaweza kutawala mashamba miaka michache tu kabla kutu haijaipata au nyingine bora haijaisukuma. Kwa hiyo wazo la kusema tutajenga kiwanda kando ya Narok na tutawapa wakulima ile aina moja yenye mabua matamu, hilo mimi naliona halina miguu. Labda ulaini wa bua uingizwe kwenye kazi ya kuzalisha mbegu kama tabia inayorithishwa kutoka aina moja hadi nyingine. Hiyo inawezekana, lakini inataka mtu wa kuilipia kila mwaka, milele.

Hesabu ya beli moja

Hebu tuache sayansi kidogo tupige hesabu ya duka.

Romania, mahali panaitwa Podari, kampuni ya Uswisi ya Clariant ilifungua kiwanda mwaka 2021. Kilipangwa kimeze tani 250,000 za mabua kwa mwaka na kitoe tani 50,000 za ethanoli, mikataba na wakulima zaidi ya 300. Yaani tani tano za mabua kwa tani moja ya ethanoli. Ukigeuza kwenda lita ni karibu lita 250 kwa kila tani ya mabua, kama kila kitu kimeenda sawa.

Beli ya mjomba ni kama kilo 12. Ni lita tatu.

Na ethanoli haina nguvu sawa na petroli, ina kama theluthi mbili, kwa hiyo lita tatu zinafanya kazi ya lita mbili za petroli. Beli nzima, kukata, kufunga, kupakia, lori, mvuke, vimeng'enya, wafanyakazi, riba ya benki, yote hayo unapata lita mbili. Chukua bei ya petroli ya leo, toa bei ya beli Kiambu wakati wa kiangazi, angalia kilichobaki kama kinaweza kulipia mvuke wa nyuzi 200.

Podari waliamua kufunga Desemba 2023, hawakuwahi kufikia uzalishaji uliopangwa na hasara ilikuwa imewachosha. Kalundborg kulikuwa kumenyamaza muda mrefu. Italia kule Crescentino walifungua 2013, kikasimama 2017, kikanunuliwa na kampuni nyingine, kikaanza tena 2022. Marekani kiwanda kikubwa cha DuPont cha mabua ya mahindi pale Iowa hakikumaliza hata miaka mitatu. Hawa ni watu wenye barabara nzuri, ruzuku na sheria inayolazimisha mafuta ya aina hii yanunuliwe.

Halafu sisi. Kenya yote inavuna ngano tani laki tatu hivi, mwaka mzuri zaidi kidogo. Mabua ni uzito kama huo au kuzidi kiasi. Yaani kiwanda kimoja cha ukubwa wa Podari kingetaka karibu mabua yote ya nchi, Narok, Mau Narok, Njoro, Uasin Gishu, Timau, kila bua.

Na si kwamba hatujawahi kujaribu mafuta ya shambani. Kuanzia 1983 petroli yetu ilichanganywa na ethanoli ya molasi ya Muhoroni, mpaka miaka ya tisini mwanzoni ikafa. Ile homa ya mibono (jatropha) wengi mnaikumbuka, watu walipanda wakaambiwa watatajirika, na mwaka 2009 utafiti uliofanywa kwa wakulima wenyewe hapa Kenya ukasema wazi kwamba mibono iwe ua wa kuzungushia shamba tu, basi. Molasi angalau ilikuwa sukari tayari. Bua ni sukari iliyofungiwa ndani ya ukuta.

Mteja alishafika kitambo

Sasa nifike pale penyewe hasa.

Shangazi yangu yuko Githunguri, Kiambu, ana ng'ombe wa gredi, na beli za Narok ndizo zinamvusha kiangazi. Nilipoenda kwake nilimkuta anafagia kihori. Chini kabisa kumebaki shina nene na vifundo, vifundo vitupu, majani yote yameisha. Nikamuuliza, ni kawaida wanabakisha hivi?

"Inategemea mzigo. Kuna beli wanamaliza kila kitu, kuna zingine wanachagua-chagua, usiku nakuta nusu. Broka anasema ni zilezile. Si zilezile."

Nilisimama hapo na ufagio wa watu.

Maana tumbo la ng'ombe linafanya kazi ileile ya Kalundborg. Lile tumbo kubwa limejaa vijidudu vyenye vimeng'enya vya kukata selulosi, joto kama nyuzi 39, hakuna mvuke, hakuna asidi, hakuna riba. Bua linaloachia sukari haraka kwa ng'ombe ndilo linaloachia haraka kiwandani, kwa sababu zilezile, majani mengi, lignini kidogo, isiyoshika sana. Na kuna utafiti wa Kidenmark wa aina za ngano kwa ajili ya mafuta ambao kipimo chake ni cha maabara ya chakula cha mifugo! Wanataka kujua mabua ya gari, wanapima kwa njia ya ng'ombe.

Hata ile kazi ya kupika mabua kabla ya vimeng'enya, wafugaji wana toleo lao. Unayeyusha kilo 4 za urea kwa maji, unanyunyizia kilo 100 za mabua, unashindilia na kufunika kwa nailoni wiki tatu bila kufungua. Urea inageuka amonia, amonia inalegeza ule ukuta. Ukifungua harufu inakupiga machozi, unaacha ipungue kabla ya kulisha. (Tafadhali usikurupuke, urea ikibaki mabonge inaua ng'ombe, ulizia mtu wa mifugo kwanza.) Kuna viwanda vya mafuta vya majaribio vilivyotumia amonia hivyohivyo, tofauti ni mitambo na mamilioni.

Na Kalundborg kwenyewe, ile zailosi iliyowashinda hamira walifanyia nini? Waliifanya molasi ya kulisha mifugo.

Kwa hiyo nilipokuwa nauliza aina gani ya ngano ina mabua ya kufaa mafuta, kumbe jibu lote lilikuwa linafagiliwa kihorini Githunguri kila asubuhi, na hakuna anayeliandika.

Hyderabad wanauliza

Kuna mahali ambapo soko limefanya kile broka wetu anakataa. Hyderabad, India, mabua ya mtama yanauzwa mjini kwa watu wenye ng'ombe na nyati wa maziwa, biashara kubwa. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walifuatilia bei na kupima mabua. Wakakuta mabua bora yanameng'enywa kama asilimia 52, ya chini kama 47. Tofauti ya pointi tano tu, na bei ilizidi kwa karibu robo. Wanunuzi hawakuwa na maabara, walikuwa na macho na uzoefu, na wafanyabiashara walijua mzigo umetoka aina gani na wapi.

Baada ya hapo wazalishaji wa mbegu za mtama kule walianza kupima bua pamoja na punje.

Kwetu hiyo robo ya bei iko hewani. Shangazi anaipoteza kwa maziwa, mjomba hailipwi, na broka mwenyewe haijui.

Kuna wanaosema, sawa, basi mabua yote yaende kwa ng'ombe. Hapana pia. Mashamba mengi ya ngano Narok ni ya kukodi, na mwenye ardhi Mmaasai mara nyingi anategemea mifugo yake iingie kwenye vishina baada ya mavuno. Ukifunga beli mpaka mzizi umekula malisho ya mtu. Udongo nao unataka chake, wale wa kilimo bila kulima kule Timau wanataka angalau asilimia 30 ya ardhi ifunikwe na mabaki. Na kila beli inaondoka na potasi ambayo utairudisha kwa mfuko wa mbolea. Hayo nayapita haraka kwa sababu mjomba na mwenye shamba wake wana mapatano yao na hayanihusu.

Ninachotaka

Sitaki kiwanda cha ethanoli Narok. Mtu akija na michoro mizuri mwambieni aonyeshe kwanza hesabu ya beli moja, aanze na lita mbili.

Ninachotaka ni kidogo sana. Ukichukua karatasi ya maelezo ya aina ya ngano utaona mavuno, siku za kukomaa, urefu, kutu, ubora wa mkate. Hakuna mstari wa bua. Uongezwe, asilimia ya kumeng'enywa, tarakimu moja tu. Mashine za kupima kwa mwanga zipo siku hizi, unasaga kiganja cha mabua, dakika chache una jibu, hakuna kupika wala kemikali. ILRI makao yao makuu yako Nairobi hapa, Njoro kila msimu wanavuna mamia ya aina na mabua yake yako palepale yamelala chini. Hata ile ngano itakayoshindwa na kutu mwaka kesho, tabia ya bua lake inaweza kurithishwa kwa inayoifuata, ilimradi kuna aliyeipima.

Nimemuuliza mjomba, ukiambiwa aina mbili zinazaa sawa na kinga sawa, moja bua lake linazidi pointi tano, utapanda ipi?

"Kama broka hatalipa zaidi, ile ya mbegu rahisi."

Shangazi naye nikamuuliza, ungelipa zaidi kidogo kama ungejua ni ile wanayomaliza?

"Hata sasa hivi. Nipe namba ya mwenye nayo."